Metali Isiyobadilika Rangi Motoni

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa hewani na mtayarishaji wetu kutoka mji wa Birmingham, Uingereza.



Panga la kwanza nililolijua maishani mwangu lilikuwa la bibi yangu, Muheza, mkoani Tanga. Lilikuwa limenolewa miaka mingi hata ubapa wake ukapungua nusu, lakini karibu na mpini bado ilionekana alama ya mamba, na chini yake neno moja ambalo sisi watoto tulilitamka herufi kwa herufi bila ya kujua lina maana gani: England. Ilinichukua zaidi ya miaka 30 kufika upande huu wa dunia unakotoka mamba yule. Kampuni ya Ralph Martindale ilikuwa na kiwanda chake katika mtaa wa Alma, upande wa Aston, hapa Birmingham, nacho kikaitwa Kiwanda cha Mamba. Mapanga yake yalipelekwa kila mahali penye miwa, mkonge au magugu.

Nimepita mtaa huo wiki iliyopita kwa miguu. Sikusikia nyundo hata moja, nilisikia magari tu. Hata hivyo nilimkumbuka mhunzi wetu wa Muheza, ambaye panga likipinda alilitia katika makaa, akavukuta mpaka likaiva, ndipo akaliweka juu ya fuawe. Hakuwa na kipimajoto. Kipimo chake kilikuwa rangi. Chuma kikiwa chekundu kilichofifia alikirudisha motoni. Kikifika rangi ya chungwa alipiga haraka haraka, na rangi ilipoanza kuzama aliacha, hata kama kazi haijakwisha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wahunzi wanalijua hilo pengine kuliko wavuvi.

Sasa fikiria, mpenzi msikilizaji, umempa mhunzi huyo metali ambayo lazima ifuliwe ingali moto, lakini haitoi rangi yoyote ya kumwongoza. Metali hiyo ipo, nayo ndiyo iliyonileta Birmingham. Jina lake ni magnesiamu.

Nyepesi

Mchemraba wa chuma cha pua wenye upana wa mita moja kila upande una uzito wa karibu kilo 7,850. Wa alumini una kilo 2,700. Wa magnesiamu una kilo 1,740 tu. Hakuna metali ya kujengea vitu, ya bei ya kawaida, iliyo nyepesi kuliko hiyo. Nayo si adimu: kila lita ya maji ya bahari inayo zaidi ya gramu moja iliyoyeyuka ndani yake, na huko kwetu, katika milima ya Upare, pana mawe ya magnesiti Chambogo, wilayani Same. Lakini kuitoa kwenye jiwe au maji kunataka umeme na moto mwingi, na leo zaidi ya asilimia 80 ya magnesiamu mpya duniani inatoka China. Mwaka 2021 umeme ulipopungua China na viwanda vikapunguza kazi, watengenezaji wa magari wa Ulaya walishikwa na hofu kubwa. Hilo nalo linafaa mazungumzo ya siku nyingine.

Katika karakana moja ya majaribio mjini hapa, mtafiti mmoja alinipa fimbo nyembamba ya magnesiamu, nene kama kidole, iliyochanganywa na asilimia 3 ya alumini na asilimia 1 ya zinki. Ni aloi ya kawaida kabisa. Akaniambia niikunje. Niliibana kwenye jiliwa, nikaivuta kwa bomba refu. Ilikubali kidogo, kisha ikatoa mlio kama wa kijiti kikavu na kukatika vipande viwili. Mahali ilipokatikia palimeta kama sukari.

Akachukua fimbo ya pili, akaitia kwenye tanuri la umeme lililowekwa nyuzi 300 za Selsiasi, tukanywa chai, tukarudi. Fimbo ilitoka ikiwa na rangi ileile ya fedha iliyoingia nayo. Mtu angeweza kuishika kwa mkono mtupu na kuungua bila ya onyo lolote. Safari hii niliivuta kwa bomba lilelile ikakunjika kama bua bichi, ikazunguka karibu duara zima, wala haikupasuka.

Metali ileile, mkono uleule. Kilichobadilika ni joto peke yake, na joto lenyewe halionekani kwa macho.

Karata na jamvi

Ili kujua sababu, hatuna haja ya kwenda mbali. Sehemu kubwa ya maelezo yake iliandikwa katika mji huu huu, tena na watu ambao wengi wao walikuwa wageni hapa kama mimi.

Atomi za metali zimepangwa kwa utaratibu, tabaka juu ya tabaka, na mpangilio huo tunauita fuwele. Katika magnesiamu mpangilio ni wa pembesita, na tabaka zake zinafanana na pakiti ya karata. Ukizisukuma karata kwa ubavu, zinateleza vizuri. Ukiisimamisha pakiti ukaikandamiza kwa upande wa kingo zake, au ukaibana kutoka juu, hazina njia ya kuteleza, na badala ya kubadilika umbo zitajipinda na kuchanika. Mwanahisabati Richard von Mises alionyesha mwaka 1928 kwamba ili kitu kama hicho kikubali umbo lolote unalotaka bila ya kupasuka, lazima kiwe na njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Chuma na alumini zinazo za kutosha na kusaza. Magnesiamu iliyo baridi, kwa njia yake ya karata, inazo mbili. Ikipashwa joto kupita nyuzi 200 na kitu, njia nyingine zilizokuwa zimefungwa zinafunguka.

Lakini hata huko kuteleza si rahisi kama inavyosikika. Ukihesabu nguvu inayotakiwa kusogeza tabaka nzima ya atomi kwa mara moja, unapata nguvu kubwa mno, mara mamia kuliko ile inayokunja metali katika karakana ya kweli. Kitendawili hiki kiliteguliwa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kwa upande wake: Geoffrey Taylor, Michael Polanyi na Egon Orowan. Nitaeleza kwa mfano wa jamvi la msikiti. Vijana wawili wakitaka kulisogeza jamvi kubwa kwa kulivuta lote kwa pamoja, watatoka jasho bure. Lakini wakifanya mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma mkunjo huo kwa miguu mpaka upande wa pili, jamvi zima limesogea, na nguvu iliyotumika ni ndogo. Ndani ya fuwele nako kuna mikunjo ya namna hiyo, yaani mistari ambapo atomi zimekosea mpangilio, na metali inapofuliwa ni mikunjo hii inayotembea.

Orowan alizaliwa Budapest mwaka 1902. Mwaka 1937 alikuja Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka huohuo akafika hapa Rudolf Peierls, mzaliwa wa Berlin, Myahudi ambaye hakuweza tena kurudi kwao baada ya Hitler kushika madaraka. Orowan alikuwa na swali: mkunjo mmoja unahitaji nguvu kiasi gani ili kuruka hatua moja ya atomi? Peierls, ambaye hakuwa mtu wa metali bali wa fizikia ya nadharia, alilipigia hesabu na kuchapisha jibu lake mwaka 1940. Ni mwaka huohuo, mwezi wa Machi, yeye na Otto Frisch, mkimbizi mwenzake, walipoandika hapa Birmingham waraka mfupi wa siri ulioonyesha kwamba bomu la atomiki linawezekana. Dunia inaukumbuka waraka ule. Ile hesabu ya mkunjo inakumbukwa na wahandisi peke yao, ingawa mimi nadhani imeingia katika vitu vingi zaidi tunavyovishika kila siku.

Hesabu hiyo ilisahihishwa na kuendelezwa mwaka 1947 na Frank Nabarro. Nabarro mwenyewe alifundisha hapa Birmingham kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, kisha akahamia Afrika, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na akafia Johannesburg mwaka 2006. Na alikuwapo mwenyeji mmoja, Alan Cottrell, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1919, akasoma hapa, akawa profesa akiwa na umri wa miaka 30. Yeye alieleza jinsi atomi za vitu vingine vilivyochanganywa katika metali zinavyokusanyika kuuzunguka mkunjo na kuuzuia usitembee, mpaka joto au nguvu izidi na kuung'oa.

Nilipita mbele ya mnara wa saa wa chuo hicho, Edgbaston, siku ya mvua. Wanafunzi walikuwa wakikimbilia basi.

Moto

Najua wapo wasikilizaji waliofanya majaribio ya shule ya kuchoma utepe wa magnesiamu, ule unaowaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho, na sasa wanajiuliza kama tuna akili timamu kuitia metali hii kwenye tanuri. Hofu hiyo ina historia hapa. Katika vita vikuu vya pili ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu madogo ya moto ya kilo moja moja, ambayo gamba lake lilikuwa aloi ya magnesiamu na lenyewe likawa ndiyo kuni. Tarehe 25 Agosti 1940 mabomu ya moto yaliteketeza jengo la soko kuu la Birmingham, pale Bull Ring, zikabaki kuta tupu. Wafanyabiashara walirudi wakauza ndani ya kuta hizo bila ya paa.

Ukweli ni kwamba utepe na vumbi huwaka upesi, bali kipande kizito ni kigumu kuwasha, kwa sababu joto linasambaa mwilini mwake kabla sehemu moja haijafikia kuungua. Inayeyuka ikifika nyuzi 650, na kazi ya kufua inafanyika chini sana ya hapo. Hata hivyo nasema hili kwa mafundi wetu wanaoyeyusha vyuma chakavu vya alumini ili kusubu masufuria: magamba ya gia za Volkswagen za zamani, na viunzi vya usukani vya baadhi ya magari ya sasa, ni magnesiamu, na kwa macho yanafanana na alumini. Likishika moto, usimwagie maji. Maji hayo hugeuka kuwa gesi ya haidrojeni na kulipuka usoni. Funika kwa mchanga mkavu kabisa, usio na hata unyevu, kisha rudi nyuma.

Zege la metali

Kasoro nyingine ya magnesiamu ni kwamba inanesa. Ukakamavu wake ni gigapaskali 45, dhidi ya 70 za alumini na 210 za chuma cha pua. Kwa kipande cha injini kinachobeba mzigo, hiyo ni aibu. Dawa iliyobuniwa inafanana na ile ya waashi: saruji peke yake ni dhaifu, basi tia kokoto. Kokoto zinazotiwa humu mara nyingi ni kabidi ya silikoni, ile ile iliyobandikwa kwenye msasa mweusi wa seremala, lakini iliyosagwa mpaka kila punje iwe kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita, au ndogo zaidi. Metali ya namna hii huitwa kompositi. Ukitia punje za kutosha, ukakamavu wake unaweza kukaribia ule wa alumini, na uzito bado ni mdogo.

Ndipo taabu inapoanza upya. Metali iliyokuwa na tabu kukunjika sasa ina mawe tumboni.

Nilionyeshwa jaribio lenyewe. Kipande cha mviringo, urefu milimita 15 na upana milimita 10, kinawekwa kati ya mataya mawili, kinapashwa joto, kisha kinakandamizwa kwa kasi iliyopangwa mpaka kiwe kifupi nusu. Kompyuta inachora mstari wa nguvu iliyotumika. Mstari unapanda kwa haraka, unafika kilele, halafu, jambo lililonishangaza, unashuka wakati mashine bado inakandamiza. Metali imelegea yenyewe katikati ya kazi. Kisa chake ni kwamba mikunjo imejazana ndani ya chembe za metali hata chembe zile za zamani haziwezi kuistahimili, na mahali pao panazaliwa chembe mpya, ndogo, safi, zisizo na mikunjo. Metali inazaliwa upya ikiwa chini ya nyundo.

Na hapa zile kokoto zina kazi mbili zinazopingana. Kandokando ya kila punje mikunjo inarundikana kwa wingi, kwa hiyo chembe mpya zinazaliwa hapo mapema, na punje zinazizuia zisikue kupita kiasi. Hiyo ni neema. Lakini ukikandamiza kwa haraka mno, au joto likiwa dogo, metali inashindwa kuzunguka punje, mwanya unafunguka kati yao, na ufa umeanza. Mbaya zaidi ni pale punje zilipogandana wakati wa kuchanganya, zikawa vibonge kama vya unga usiokorogwa vizuri katika uji. Nilitazama kipande kimoja kwa hadubini. Ufa ulitoka kibonge hadi kibonge, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Ukiongeza joto ili kukwepa hayo, unakutana na ukuta wa upande wa pili: chembe zinanenepa, na katika aloi zenye alumini nyingi baadhi ya sehemu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 437, kabla metali nzima haijafika huko. Mlango ulio wazi ni mwembamba, na unabadilika kwa kila mchanganyiko na kwa kila kasi. Clarence Zener na John Hollomon walionyesha mwaka 1944 kwamba joto na kasi vinabadilishana: kupiga polepole ni sawa na kupiga kitu chenye joto zaidi. Kuanzia mwaka 1984 kundi la Prasad likaanza kuchora ramani, joto upande mmoja na kasi upande mwingine, na ndani yake maeneo ya salama na maeneo ya hatari, kama ramani ya nahodha inavyoonyesha mkondo na miamba. Kwa kila kompositi mpya mtu lazima achore ramani nyingine, kwa vipande vidogo kimoja baada ya kimoja. Ni kazi isiyo na sifa. Mtafiti niliyekuwa naye alinionyesha sanduku la vipande vyake vilivyobanwa, kila kimoja na karatasi yake ya namba. Nilipomwuliza ni vingapi, alicheka tu. Mimi niliona kwamba sanduku lile ndilo lililochukua nafasi ya jicho la mhunzi wa Muheza.

Mfupa

Nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kuuliza maswali mengi, na sitaificha. Mpwa wangu anaendesha bodaboda Tanga. Mwaka juzi aligongwa, akavunjika paja, akatiwa chuma ndani ya mfupa. Mfupa umeunga, chuma kinamuuma, na daktari amemwambia kitolewe. Yaani upasuaji wa pili, kitanda cha pili, na wiki nyingine bila ya kazi kwa mtu anayekula anachopata siku hiyohiyo.

Magnesiamu inayo tabia ambayo kwa mtu wa magari ni ubovu na kwa daktari ni karama: inaliwa na chumvi ya mwili. Mwaka 2013 parafujo za aloi ya magnesiamu ziliruhusiwa kuuzwa Ulaya. Zinashika mfupa, kisha zinayeyuka taratibu, wala hakuna wa kuja kuzitoa. Fimbo ambazo parafujo za namna hiyo huchongwa kwake hutengenezwa kwa kusukumwa kwa moto kupitia tundu, kama tambi zinavyosukumwa katika mashine ya jikoni. Watafiti sasa wanachanganya magnesiamu na madini yaleyale ya mfupa, ili kuipa nguvu na kuipunguzia haraka yake ya kuyeyuka, kwa sababu ikiyeyuka upesi hutoa gesi na kumwacha mgonjwa na mfupa usiounga. Kila mchanganyiko huo nao unataka ramani yake.

Nilimweleza mtafiti habari za paja la mpwa wangu. Aliweka chini kikombe. Akaniambia bila ya kuzunguka kwamba parafujo zilizopo ni za mifupa midogo, ya mguuni chini na mkononi, na kwamba mzigo wa paja la mtu mzima anayetembea bado ni mkubwa mno kwa magnesiamu yoyote anayoijua. Kompositi huenda zikafika huko. Hakunitajia mwaka, nami sikumlazimisha. Katika kazi yangu nimewasikia wataalamu wengi wakitaja miaka.

Jioni ile nilimpigia simu Tanga. Nilimsimulia yote, fimbo iliyokatika, fimbo iliyokunjika, na parafujo zinazoyeyuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kwa hiyo, mjomba," akasema, "changu mimi wanakitoa mwezi wa nane kama kawaida?"

Nikamwambia ndiyo, mwezi wa nane, na kwamba nauli ya hospitali nitaituma Ijumaa.